Uzi maalumu: riwaya ya mchangani na kitabu cha safari ya chakula, kwa Dar hii ni kazi moja

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za Jumapili.

Naomba leo tuzungumze vitabu, hasa vile ambavyo naona tunadaiwa. Nina mapenzi ya muda mrefu na aina mbili za maandishi. Moja ni hadithi za mpira wa ridhaa, yaani wa mchangani: timu ya mtaa, jezi za kuchangishana, kipa ambaye kutwa yuko kwenye karakana ya useremala na jioni yuko golini. Nyingine ni vitabu vya safari ambavyo msafiri anaongozwa na chakula. Anashuka stendi, anauliza wenyeji asubuhi wanakunywa chai na nini, na mpaka jua linazama ameshaujua mji kuliko aliyezungushwa na gari la watalii.

Riwaya za upelelezi za Dar tulizisoma mpaka zikachanika majalada. Za mapenzi zipo, za siasa zipo. Za mchangani nazitafuta kwenye meza za vitabu vya mitumba pale Posta, muuzaji ananipa historia ya Simba au Yanga. Nashukuru, nanunua, lakini sicho nilichokuja kutafuta. Kitabu cha safari ya chakula ndani ya nchi hii nikiulizia, napewa kitabu cha mapishi.

Hoja yangu ni kwamba kwa mji wetu vitabu hivi viwili ni kimoja, na atakayeandika cha kwanza bila cha pili ataacha nusu ya hadithi uwanjani.

Fika Kinesi, au Bandari pale Temeke, au Mwembe Yanga, saa kumi na nusu jioni siku ya mechi. Kabla hujauona mpira utakutana na moshi. Mama ameweka karai juu ya jiko la mkaa, mihogo imekatwa vipande virefu na kulowekwa kwenye maji ya chumvi. Akitumbukiza, mafuta yanapiga kelele kisha yanatulia, na yakitulia ndipo anageuza. Ukinunua, anakipasua kipande katikati kwa kisu, anapaka pilipili ya kusaga yenye ndimu, anakufungia kwenye gazeti. Mara nyingi ni gazeti la michezo la wiki iliyopita, kwa hiyo unakula huku unasoma matokeo unayoyajua. Pembeni yake kuna ndoo ya barafu za ubuyu, kijana wa mayai ya kuchemsha na kachumbari, mzee wa kahawa na kashata, na mkokoteni wa miwa. Mwandishi atasimuliaje mechi hiyo akiuruka moshi huo?

Halafu mpira wa mchangani hauna marudio ya televisheni. Bao la zamani linaishi kwa sababu walioliona bado wanabishana. Nikiwasikiliza, ushahidi wanaoutoa ni chakula. "Nakumbuka vizuri, nilikuwa na muwa mkononi." "Haiwezi kuwa Ramadhani, mbona mapumziko tulikula machungwa?" Hivyo ndivyo mechi inavyopatiwa mwezi na mwaka wake vijiweni.

Na kuna safari zenyewe. Timu ya mtaa imealikwa mechi ya kirafiki Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo. Limekodiwa lori la Fuso, wachezaji na mashabiki wamepanda pamoja, ngoma iko nyuma. Kila aliyewahi kusafiri hivyo anaijua sheria: timu ngeni haigusi chakula cha wenyeji kabla ya mechi. Maji mnakuja nayo. Machungwa ya mapumziko mnakuja nayo, na aliyeyamenya ni mtu wenu. Kamati ya ufundi haitaki kusikia habari ya ukarimu mpaka filimbi ya mwisho ilie. Ikishalia, masinia ya pilau yanatandikwa, timu mbili zinakutanisha mikono mle mle, na yule beki aliyekupiga buti kipindi cha pili ndiye anayekusogezea nyama. Mnarudi usiku na mananasi ya Kiwangwa kama mlikwenda upande wa Bagamoyo, au korosho kama mlikwenda Mkuranga.

Hofu ya sumu, kisha sinia moja. Mimi sijui mwandishi anataka nini zaidi ya hapo.

Naomba kila atakayechangia aweke vitu vitatu: uwanja, timu ilikuwa ya nani, na mlikula nini. Tusiandike sifa tupu.

Mdau wa Temeke

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi naanzia chini zaidi, kwenye chandimu. Mpira tulitengeneza wenyewe: matambara ndani, mfuko wa nailoni juu, kamba ya katani inazungushwa mpaka inashika. Ukilowa unakuwa mzito na ukipiga kichwa unaona nyota. Magoli ni matofali mawili, na ugomvi wa kila siku ni mpira uliopita juu: imo au haimo? Aliyeumia kidole ndiye anayepelekwa golini.

Ila kwa mwandishi, chimbo la hadithi ni mamluki. Fainali ya kombe la mbuzi inakaribia, viongozi wanakwenda mtaa wa pili usiku kumfuata mshambuliaji. Anakuja kwa jina la mtu mwingine, mwenye kadi halali, ambaye siku hiyo anaambiwa abaki nyumbani asionekane. Refa anaita majina, mamluki anaitika jina lisilo lake. Uwanja mzima unajua. Wapinzani nao wanajua, lakini wao pia wanao wawili.

Hebu mfikirie yule aliyebaki nyumbani. Anasikia jina lake likishangiliwa kutoka uwanjani. Mimi namjua mtu wa namna hiyo, na mbuzi alipochinjwa alikatiwa fungu kamili kama mfungaji. Alilikataa. Mpaka leo hawazungumzi vizuri na aliyekuwa katibu.

Tulikula: supu ya mbuzi huyo huyo, na chapati za kununua.

Mwanzisha uzi

Mdau wa Temeke, hiyo si ya kuacha kwenye uzi. Mtu anayekataa fungu la nyama ya ushindi uliopatikana kwa jina lake! Hapo hakuna haja hata ya kusimulia mabao. Anzia kwenye fungu la nyama, rudi nyuma.

Dada wa Mburahati

Habari zenu. Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme, maana mama yangu ndiye huyo mnayemwita "mama ameweka karai". Kwenye simulizi zenu zote hana jina na hasemi kitu. Anakaanga tu.

Niwaeleze mechi inavyoonekana kutoka alipokaa. Kwanza haionekani. Mwenye karai anaupa uwanja mgongo, kwa sababu ukilipa karai mgongo watoto watalikumbatia. Mama aliijua mechi kwa masikio. Kelele zikija kwa ghafla na kukatika, ni mpira umegonga mwamba. Kelele zikipanda taratibu, kuna mtu anakimbia pembeni. Kona ikipigwa upande wetu alikuwa anafunika karai kwa sinia, maana mpira ukitua kwenye mafuta anaungua mtu. Wachezaji wote aliwajua kwa namna wanavyokula. Kulikuwa na winga ambaye hakugusa pilipili siku ya mechi na aliimaliza yote akishapumzika. Kulikuwa na kipa aliyeshindwa kumeza chochote tangu asubuhi, akishaokoa penalti anakuja kula kwa watu watatu.

Na walikuwa wanakopa. Mama alikuwa na daftari. Kaunta buku la jalada gumu, lina majina ya utani tu kwa sababu majina yao ya serikali hakuyajua: Kandambili, Mrefu, Fundi Saa, Mtoto wa Bibi. Mbele ya kila jina kuna mihogo ya mia mbili, yai moja, barafu mbili. Timu ikifungwa madeni yanaongezeka, kwa sababu hakuna shabiki wa kuwatunza wachezaji. Ikishinda, mtu mmoja mwenye nazo anakuja kulipa ukurasa mzima. Ukilifungua daftari lile unausoma msimu wote bila kuambiwa matokeo hata mara moja.

Mnaoandika, muulizeni na yeye.

Mwanzisha uzi

Dada, shukrani sana. Nimeusoma ujumbe wako kwa sauti hapa nyumbani.

Umetupa umbo la kitabu. Mtu akitaka kuandika riwaya ya mchangani, aiandike kwa kufuata daftari la madeni: kila ukurasa sura, kila jina la utani mhusika, na matokeo ya mechi msomaji ayapate kutokana na nani amekopa na nani amelipa. Msimulizi awe ni huyo mwenye karai, anayesikia mechi asiyoiona. Bao asilisimulie kwa chenga na kanzu, maana hakuona chenga wala kanzu. Asimulie kelele, mguu wa mtu uliopita karibu na jiko, mtoto aliyekuja mbio kununua bila kusubiri chenji.

Nilipofungua uzi nilikuwa namfikiria mchezaji aliyezeeka akikumbuka enzi zake. Nakiri sasa namtaka huyu mama kuliko yule mchezaji.

Dada, daftari bado lipo?

Mdau wa Sinza

Wazo zuri mkuu, ila ukweli usemwe: Wabongo hawasomi. Andika riwaya ya mchangani upate wasomaji ishirini, kumi na tano ndugu zako. Vijana wanataka video.

Mwanzisha uzi

Mkuu, kauli hiyo naisikia kila siku na siikubali hata kidogo. Pita asubuhi kwenye meza yoyote ya magazeti, Kariakoo, Manzese au Mwenge. Watu wamesimama wanasoma vichwa vya habari vya Mwanaspoti na Championi, wanabishana, wanasoma tena. Mwenye gazeti moja anasomewa begani na watu wanne. Nenda kwenye magrupu ya WhatsApp uone hadithi zinavyouzwa sehemu baada ya sehemu, na watu wanatuma hela kwa simu kuipata sehemu ya pili usiku huo huo. Watu hao wanasoma. Wanachosoma ni kitu kinachowahusu, kwa lugha yao, kwa bei wanayoiweza.

Kwa hiyo riwaya ya mchangani nisingeitoa kwanza kama kitabu cha kurasa mia tatu. Ningeitoa vipande vipande, kipande kwa kila mechi, kisomeke kwenye daladala kutoka Mbagala mpaka Gerezani. Ikishapata watu wake, ndipo ichapwe. Na kwa wanaotaka njia rasmi, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza 13 Aprili 2023, ina kipengele cha riwaya. Hakuna masharti yanayosema riwaya lazima iwe ya ikulu.

Mzee wa Ilala

Vijana, nimewasoma. Mchango wangu ni mfupi.

Mimi nilikuwa uwanja wa zamani wa Taifa, huu wa Uhuru, siku Simba wanarudiana na Stella Abidjan fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Kule Abidjan tulitoka 0–0. Mji mzima ulijua kombe ni letu. Tukafungwa 2–0 nyumbani. Hayo yameandikwa.

Ambayo hayajaandikwa ni ya nje ya geti. Wauza vyakula walijiandaa kwa sherehe. Nyama imekatwa, mishkaki imechomekwa tangu mchana, ndizi ziko kwenye moto. Watu walitoka uwanjani wakapita kama hawaoni. Kijana mmoja wa mishkaki alianza kugawa bure saa mbili usiku, maana friji ya kuazima ya kuhifadhia nyama haikuwepo, na hata bure watu walikataa. Mimi mshabiki wa Yanga, na siku ile nilikuwa nimekwenda kuishangilia nchi. Nilichukua mishikaki miwili kwa kumhurumia. Ilikuwa na chumvi sawasawa, nyama laini, na haikupita kooni.

Mwanzisha uzi ana haki. Ukitaka kuieleza siku ile, mfuate yule kijana mpaka kwake usiku, uone alimwambia nini mkewe kuhusu mtaji.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana.

Mzee wa Ilala

Marahaba. Andikeni.

Msafiri wa Reli ya Kati

Wakuu, mimi si mtu wa mpira, nimeingia kwa sababu ya ile nusu ya safari.

Kazi yangu ilinifanya niizunguke nchi kwa miaka mingi, na ramani niliyonayo kichwani ni ya chakula. Ukisema Muheza naona machungwa. Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa kando ya barabara kabla hujaanza kuupanda Kitonga. Tabora, asali. Kigoma, migebuka na dagaa, na wali ulioungwa kwa mawese. Lindi na Mtwara wanakuuzia ming'oko iliyochemshwa, unamenya unatembea. Bukoba wakati wa senene usiulize nyama. Dodoma, mlenda na ugali wa uwele kama una mwenyeji wa kukukaribisha, kwa sababu hotelini utapewa wali maharage kama kokote.

Treni ya zamani ya kwenda Kigoma na Mwanza ilikuwa ndiyo kitabu chenyewe. Inasimama stesheni usiku wa manane, akina mama wako chini na taa za kandili, sinia kichwani, unanunua kwa dirishani. Unashusha hela, unapandishiwa kuku. Uaminifu huo wa sekunde chache kati ya watu wasiojuana, treni ikiwa imeshaanza kuvuta, sijauona kwingine. Mama anakimbia sambamba na behewa kukurudishia chenji. Nimeona kwa macho yangu.

Sasa tuna SGR, reli mpya ya kisasa. Ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma. Mimi naipanda na naipenda, unafika Dodoma siku hiyo hiyo una nguvu za kufanya kazi. Lakini madirisha hayafunguki. Chakula kinauzwa ndani. Yule mama wa sinia hana tena pa kusimama kwenye safari hiyo. Basi la barabarani nalo limebadilika, dereva anasimamisha kwenye hoteli moja kubwa, "dakika ishirini chakula", kila mtu chipsi kuku, tunaondoka. Unaweza kuvuka mikoa minne usijue wanakula nini.

Ndiyo maana naona kitabu hicho cha safari kiandikwe sasa, wakati wanaokumbuka bado wako hai na bado wana meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma.

Mwanzisha uzi

Msafiri, hapo kwenye chenji nimesimama kidogo. Hiyo ni sura nzima.

Na kwa wanaodhani kuandika safari ni jambo la Wazungu: mwaka 1901 kulichapishwa Ujerumani mkusanyo wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe kwa Kiswahili, chini ya uhariri wa Carl Velten. Mle yumo Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na safari yake ya Udoe na Uzigua, yaani hapa hapa, mwendo wa Fuso la timu kwa barabara za leo. Zaidi ya miaka 120 iliyopita mtu wa pwani yetu aliona nchi ya jirani yake inastahili kuandikwa. Sisi tunaoweza kwenda na kurudi siku moja tunasubiri nini?

Nirudi kwenye viwanja, maana navyo vinahama kama yule mama wa sinia. Wengi wetu hapa tulicheza Jangwani, kwenye lile bonde la Msimbazi. Mvua ikinyesha tunaondoka, maji yakipungua tunarudi, mchanga mpya umeletwa bure. Mafuriko ya Desemba 2011 wengi mnayakumbuka. Baadaye sehemu ya bonde ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma 2016, na mipango ya bonde lile inaendelea. Siingii kwenye ubishi wa nani alikosea. Ninachosema ni kwamba pale palikuwa na viwanja vingi kiasi kwamba mipira ya mechi mbili ilikuwa inaingiliana, na kati ya viwanja palikuwa na njia za wauza chakula zilizokanyagwa mpaka zikawa ngumu kuliko uwanja. Mtoto wa miaka kumi na mbili wa Kigogo au Magomeni leo hawezi kulijua hilo kwa kuangalia. Lazima asome mahali.

Riwaya ya kukumbuka ya zamani inapata kazi yake hapo. Inatunza ramani. Mwandishi aseme mwembe ulikuwa upande gani wa goli, maji ya kunywa yalitoka bomba la nani, kisima kilikuwa wapi, mkate wa kumimina uliuzwa na nyumba ipi ya Magomeni.

Mdau wa Keko

Naomba nitofautiane kidogo. Hizi kumbukumbu zinapakwa asali mno. Mimi nilivunjika mguu mchangani nikiwa kidato cha pili. Hakukuwa na daktari wala machela. Nilibebwa kwenye mkokoteni wa miwa. Timu ilichanga, hela haikutosha, mguu ukaunga vibaya. Rafiki yangu alikuwa na kipaji kuliko wengi mnaowaona kwenye ligi sasa, akaishia kubeba mizigo Kariakoo, na mchana wa mechi alikuwa anacheza na njaa. Mnaposema mihogo na barafu za ubuyu, mwenzenu alikuwa hana mia mbili ya kununulia. Alikuwa anakaa mbali na jiko ili asisikie harufu.

Mwanzisha uzi

Mkuu, pole sana kwa mguu. Na naomba uandike hayo, kama ulivyoyaandika hapa, bila kupunguza.

Kitabu ninachokililia hakiwezi kuwa na ukweli bila huyo aliyekaa mbali na jiko. Chakula kikiandikwa vizuri kinaonyesha na asiyekipata. Ni rahisi mwandishi kusema "alikuwa maskini", msomaji akapita. Lakini mchezaji bora wa uwanja anayehamia upande wa goli la mbali kila mapumziko ili upepo usimletee harufu ya mihogo, huyo msomaji hatamsahau. Na daftari la mama wa Mburahati linaweza kutuambia kwa nini hakukopa: pengine jina lake lilishajaa ukurasa, pengine alikuwa na aibu, pengine aliogopa deni lisije likalipwa na mama yake.

Mkokoteni wa miwa uliokubeba nao ni wa kuandikwa. Mwenye mkokoteni alipoteza biashara ya jioni hiyo. Alishusha miwa wapi?

Mdau wa Keko

Aliiacha chini pale pale pembeni ya uwanja. Watu hawakuigusa. Aliporudi aliikuta yote, na kuna watu waliacha hela juu yake.

Mdau wa Temeke

Dah. Mkuu, miaka yote hiyo hukuwahi kutuambia.

Dada wa Mburahati

Nimeulizwa kuhusu daftari. Lipo. Nimempigia mama leo mchana, yuko kwa mdogo wangu Chanika. Amesema kurasa za mwanzo zililiwa na mchwa ila zilizobaki zinasomeka, na anamkumbuka kila mmoja. Alipoanza kunitajia nani hajalipa nilimwomba asubiri nichukue kalamu.

Swali langu kwenu mnaojua kuandika: mimi sijawahi kuandika hadithi. Nianzie wapi? Na majina ya utani niyaache au nibadilishe? Baadhi yao ni watu wazima sasa, wana wajukuu.

Mwanzisha uzi

Dada, majina ya utani badilisha, ila badilisha kwa majina yanayofanana nayo kwa asili. Mtu aliyeitwa kwa kazi yake mpe jina la kazi nyingine, aliyeitwa kwa umbo mpe la umbo. Madeni yaache kama yalivyo, mihogo ya mia mbili ibaki ya mia mbili, kwa sababu bei ndiyo itakayomwambia msomaji ni miaka gani bila wewe kutaja mwaka.

Usianze na mechi. Anza saa nne asubuhi, mama anaponunua mihogo. Aliinunua soko gani, aliichaguaje, alijuaje kwamba huu utakuwa mchungu na huu utaiva vizuri, nani alimsaidia kubeba, mkaa alipimiwa kwa kopo au kwa gunia. Mweke amenye, aloweke, asage pilipili, afike uwanjani. Msomaji awe ameshachoka pamoja naye kabla refa hajapiga filimbi. Mechi ikianza mgeuze mama mgongo, na usimruhusu ageuke mpaka mwisho wa sura, hata iwe penalti.

Mazungumzo yaandike kama walivyosema. Usiwasafishie lugha. Mtu wa Mburahati akiongea kama taarifa ya habari msomaji ataweka kitabu chini.

Ukishindwa kuandika, rekodi kwa simu mama akisoma daftari jina kwa jina, aeleze kila mmoja alikula nini na alichezea namba ngapi. Hata dakika tano kwa siku zinatosha, asichoke. Mdau wa Temeke anakaa njia moja na Chanika, nadhani hatakataa kwenda kusaidia kunakili zile kurasa zinazofifia, kwa ruhusa yako na ya mama.

Mdau wa Temeke

Niko tayari Jumamosi, asubuhi kabla ya mechi ya maveterani. Dada, mama anakunywa chai na nini? Nisije mikono mitupu.